Daftari la mtandaoni la nzi wa mshipi: linajengwaje, na sisi Wapwani tunalihitajia nini

Marehemu mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi wa Takaungu. Alipofariki tuligawana alivyoviacha, na mimi nikapata kopo la maziwa ya unga alilokuwa akilibeba chomboni. Ndani yake mna ndoana ishirini na tatu, na kila moja imefungwa kitu. Nyingine zina manyoya ya jogoo mweupe, nyingine nyuzi za gunia la nailoni la rangi ya machungwa, nyingine kipande cha kitambaa chekundu na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Hizi ndizo zilikuwa chambo zake za kurambaza.

Mzee alijua ipi ni ya nguru, ipi ni ya kolekole, ipi hutolewa wakati wa kusi maji yakiwa na tope na ipi hungoja kaskazi. Sisi hatujui. Mwanawe, ambaye kazi yake ni ya ofisini, aliniuliza siku moja, "Kaka, hii yenye uzi wa kijani alikuwa akivulia nini?" Nikakosa jibu. Hakuna aliyeandika neno hata moja.

Swali hilo ndilo lililonifanya nitafute wenzetu wa nchi nyingine wanafanyaje. Nikakuta kwamba wanaovua kwa nzi wa bandia, huko Uingereza na Marekani, wamekuwa wakiandika chambo zao kwa zaidi ya miaka mia tano, na sasa wanaziweka katika hifadhidata za mtandaoni. Makala haya yanaeleza hifadhidata ya namna hiyo inajengwaje, na mwisho yanaeleza ukurasa wetu sisi wa Pwani uweje.

Nzi wa mshipi ni nini

Nzi wa mshipi ni ndoana iliyovikwa manyoya, nywele, uzi na vitu vingine mpaka ifanane na kitu ambacho samaki hula. Jina ni "nzi" kwa sababu wa mwanzo waliigiza wadudu wa mtoni, lakini leo wapo wanaoigiza kamba, kaa wadogo na dagaa. Si chambo ya kuliwa. Samaki hudanganywa na umbo, rangi na mwendo.

Tofauti kubwa na mshipi wetu wa kawaida ni uzito. Sisi hutupa mshipi kwa uzito wa chubwi. Nzi ni mwepesi mno, hatupiki peke yake, kwa hiyo mvuvi hutumia mshipi mnene wenye uzito wake wenyewe, na mshipi huo ndio unaombeba nzi hewani.

Kuna makundi makubwa manne. Wa kwanza ni nzi anayeelea juu ya maji. Wa pili ni anayezama kidogo. Wa tatu anaigiza mdudu mchanga anayeishi chini ya maji kabla hajaota mbawa. Wa nne anaigiza kisamaki, na huyu ndiye anayetumika zaidi baharini.

Hapa Kenya mambo haya si mageni. Samaki aina ya trauti waliletwa katika mito ya milima ya Nyandarua mwaka wa 1905, na mpaka leo huvuliwa kwa nzi katika mito ya huko na ya Mlima Kenya. Kwetu Pwani, Watamu na Malindi, wapo wageni wanaokuja kuvua sulisuli kwa nzi. Aidha, nchini humu zipo karakana ambazo mafundi wake hufunga nzi kwa mkono kutwa, na nzi hao huuzwa Ulaya na Marekani. Kwa hiyo mvuvi wa Scotland huenda anavulia nzi aliyefungwa na mikono ya Mkenya, wala hajui.

Kazi hii haikuanza na kompyuta

Habari ya zamani mashuhuri ya nzi wa bandia iliandikwa na Aelian, mwandishi wa Kirumi, takriban mwaka wa 200. Alieleza watu wa Makedonia waliokuwa wakifunga sufu nyekundu kwenye ndoana na kuongeza manyoya mawili ya jogoo, wapate samaki wa madoadoa mtoni.

Mwaka wa 1496 huko Uingereza kulichapishwa risala juu ya uvuvi wa ndoana ambayo kwa desturi husemwa ni ya bibi mmoja mtawa, Juliana Berners. Ndani yake mna nzi 12 waliopangwa kwa miezi. Kila mmoja ameelezwa kwa maneno machache: mwili wa sufu ya rangi fulani, mbawa za manyoya ya ndege fulani. Picha za nzi hao hazimo. Matokeo yake ni kwamba mafundi wa leo wanaojaribu kuwafunga upya hawakubaliani walikuwa na sura gani. Maneno yapo, lakini mkono uliojua namna ya kuyatekeleza hayupo. Ni habari ya kopo la mjomba wangu kinyume chake: mimi nina vitu bila maneno, wao wana maneno bila vitu.

Aliyeikaribia zaidi hifadhidata ya kisasa ni Mary Orvis Marbury wa Manchester, jimbo la Vermont, Marekani. Babake, Charles Orvis, alikuwa na duka la vifaa vya uvuvi, naye binti akasimamia idara ya kufunga nzi. Wateja walikuwa wakiagiza nzi kwa majina, na kila eneo lina jina lake. Bibi huyu akawaandikia wavuvi wa sehemu mbalimbali za Marekani, akawauliza wanatumia nzi gani, kwa samaki gani, na jina lilitoka wapi. Majibu yao pamoja na picha za rangi za nzi takriban 290 yalitoka katika kitabu mwaka wa 1892.

Tazama alichofanya. Aliuliza kila mtu maswali yale yale. Aliweka sura pamoja na jina. Akahifadhi na habari ya aliyemwambia. Mtu akijenga hifadhidata leo, intaneti inamrahisishia posta tu. Kazi yenyewe ni ile ile ya bibi Marbury.

Tatizo la kwanza ni majina

Anayeanza hudhani jina la nzi linatosha kumtambulisha. Halitoshi. Nzi mmoja huweza kuwa na majina matatu, na jina moja huweza kubebwa na nzi watatu wasiofanana.

Mfano mzuri ni nzi wa Frank Sawyer, aliyekuwa mlinzi wa mto Avon huko Wiltshire, Uingereza. Nzi wake huitwa Pheasant Tail, yaani mkia wa fesanti, kwa sababu mwili wake ni nyuzi za unyoya wa mkia wa ndege huyo. Sawyer hakutumia uzi hata kidogo. Alitumia waya mwembamba wa shaba, ukawa ndio uzi na ndio uzito wa kumzamisha. Leo ukiagiza nzi wa jina hilo, mara nyingi utapewa mwenye uzi, mwenye kifua cha nyuzi za tausi na vijiguu pembeni. Ni mtoto wa yule wa kwanza, si yule mwenyewe.

Hapa mjenzi wa hifadhidata anapata mafunzo mawili. La kwanza, kila nzi apewe namba yake isiyobadilika, kama namba ya kitambulisho, na majina yote yaorodheshwe chini ya namba hiyo. La pili, kuwe na nafasi ya kuandika "huyu ametokana na namba fulani". Bila hiyo, watu watafuta wa asili na kuandika wa kisasa mahali pake, kila mmoja akiamini anasahihisha kosa.

Lipo na funzo la tatu, dogo lakini la maana. Kama fomu yako inamlazimisha mtu kujaza nafasi ya "uzi", basi nzi wa Sawyer hataingia, au ataingia kwa uongo. Fomu iruhusu jibu la "hakuna".

Yanayoandikwa katika kila rekodi

Rekodi iliyokamilika huwa na mambo haya:

- Namba ya rekodi, jina kuu na majina mengine.
- Aliyembuni, mahali na wakati, ikiwa yanajulikana.
- Aliyefunga nzi huyu aliyepigwa picha. Huyu si lazima awe aliyembuni.
- Kundi lake: anayeelea, anayezama, mdudu mchanga au mfano wa kisamaki.
- Ndoana: namba, urefu, unene, na kama ni ya maji chumvi.
- Malighafi, kila moja kwa sehemu yake: uzi, mkia, mwili, pingili za waya, mbawa, manyoya ya shingoni, macho, kichwa.
- Hatua za kufunga kwa mpangilio wake.
- Samaki anayekusudiwa, aina ya maji, msimu, na namna ya kumvuta majini.
- Habari ilikotoka: nani alisema, lini, na aliandika nani.

Jambo la hatua lisidharauliwe. Orodha ya malighafi si maelezo ya kufunga, kama vile orodha ya viungo si pilau. Ukitia mchele kabla ya kitunguu kuiva utapata kitu kingine kabisa. Vivyo hivyo, kinachofungwa kwanza kwenye ndoana ndicho kinachofunikwa na kinachofuata.

Mfano wa rekodi moja

Nimechagua nzi anayejulikana sana na wavuvi wa maji chumvi.

*Jina:* Clouser Deep Minnow. *Majina mengine:* Clouser, Clouser Minnow.

*Aliyembuni:* Bob Clouser, jimbo la Pennsylvania, Marekani, miaka ya 1980, kwa ajili ya samaki wa mto Susquehanna. Jina alipewa na mvuvi na mwandishi mashuhuri Lefty Kreh.

*Kundi:* mfano wa kisamaki, huzama.

*Ndoana:* ya maji chumvi, isiyoshika kutu upesi, namba 2 hadi 2/0.

*Macho:* ya risasi au chuma, vipira viwili vilivyounganishwa.

*Nywele:* za mkia wa kulungu wa Marekani, nyeupe na za rangi nyingine iliyokoza.

*Kung'aa:* nyuzi chache za plastiki ya kumeta.

*Hatua:* Shika ndoana kwenye jiliwa. Zungusha uzi, kisha funga macho upande wa juu, nyuma kidogo ya tundu la ndoana. Funga nywele nyeupe juu, zipite kati ya macho. Geuza ndoana. Funga nyuzi za kumeta, kisha nywele za rangi iliyokoza. Maliza kichwa kwa fundo na vanishi.

*Namna anavyofanya kazi:* uzito wa macho humpindua nzi majini, ncha ya ndoana ikawa juu. Kwa hiyo hanasi upesi kwenye mawe wala nyasi za bahari. Ukivuta huruka juu, ukilegeza huzama kichwa mbele, kama kisamaki kinachojeruhiwa.

Mstari huu wa mwisho ndio unaosahaulika mara nyingi, ilhali ndio wenye faida kubwa. Mtu akijua kwa nini macho yako mahali pale, hata akikosa kulungu atatumia nywele za mbuzi na nzi atafanya kazi. Asiyejua atafunga macho upande usiofaa na kulaumu nywele.

Namba za ndoana

Namba za ndoana za kizungu huwachanganya wengi. Kuanzia namba 1 kwenda 2, 4, 6 mpaka 20 na zaidi, namba ikiongezeka ndoana hupungua. Lakini upande wa pili, 1/0, 2/0, 5/0, namba ikiongezeka ndoana hukua. Kwa hiyo 2 na 2/0 si kitu kimoja, na alama moja ikikosewa katika kuandika, mtu ataagiza ndoana ndogo kuliko anayoitaka.

Isitoshe, hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote. Namba 4 ya huyu inaweza kuwa sawa na namba 2 ya yule. Dawa ni kuandika namba, jina la mtengenezaji, na kipimo cha milimita: urefu wa sehemu iliyonyooka na upana wa mdomo wa ndoana. Rula ya mtoto wa shule inatosha.

Malighafi: sheria na dhamiri

Mitindo ya zamani ilitumia wanyama na ndege ambao leo wana ulinzi. Kuku-mwitu wa kijivu wa India, ambaye manyoya ya shingo yake yalitafutwa sana kwa nzi wa samaki samoni, yumo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES. Dubu wa ncha ya kaskazini naye yumo. Hapa kwetu, sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 inakataza kumiliki sehemu za mnyama wa porini bila kibali. Kwa hiyo kila malighafi iandikwe imetoka kwa mnyama gani, ina masharti gani, na mbadala wake ni upi. Jogoo wa nyumbani, mbuzi, bata na uzi wa dukani vinatosha kwa kazi nyingi sana.

Nafasi hiyo hiyo inatufaa Waislamu kwa jambo jingine. Baadhi ya nzi wa zamani wa Ireland na Scotland mwili wao ulikuwa wa nywele laini za nguruwe. Fundi wa Mombasa au Lamu anayetaka kujua anashika nini mkononi ana haki ya kuliona hilo kabla hajaagiza. Ukiandika "sufu" tu, umemficha.

Picha

Picha ya nzi ipigwe kwa upande, kichwa kikitazama upande mmoja kwa rekodi zote, mandhari ya nyuma yawe meupe au ya kijivu, na kando kuwe na rula. Mwanga wa dirishani asubuhi ni bora kuliko taa ya simu, kwa sababu taa hupotosha rangi. Kwa nzi wa maji chumvi ipigwe na picha ya pili akiwa amelowa. Manyoya makavu yaliyofura hayafanani kabisa na manyoya yaliyolowa, na samaki humwona aliyelowa.

Ikiwezekana, kila hatua ya kufunga iwe na picha yake. Video ni nzuri, lakini tukumbuke kifurushi cha data kinaisha. Picha sita ndogo zitamfikia mtu wa Kiunga au Vanga upesi kuliko video ya dakika kumi.

Mwenye nzi ni nani

Kwa kawaida sheria ya hakimiliki hulinda maandishi na picha, hailindi wazo la kufunga manyoya haya kwa namna hii. Kwa hiyo unaweza kueleza kwa maneno yako jinsi ya kumfunga nzi yeyote, lakini huwezi kuchukua picha ya mtu bila idhini. Anayechangia hifadhidata aambiwe mapema mchango wake utatumika vipi, na akubali kwa maandishi.

Lakini zaidi ya sheria lipo suala la jina. Kampuni kubwa za Marekani humlipa mbunifu fungu kwa kila nzi anayeuzwa kwa jina lake. Fundi aliyemfunga, awe wa Kenya, Sri Lanka au Thailand, jina lake kwa kawaida halimo kwenye pakiti. Hifadhidata inaweza kurekebisha kidogo kwa ile nafasi ya "aliyefunga".

Mfano wa kutia moyo upo Bahamas. Mwaka wa 1977 Mmarekani Bob Nauheim alikuwa akivua katika kisiwa cha Andros akiongozwa na mwenyeji, Charlie Smith. Nzi aliyetokana na safari hiyo aliitwa kwanza Nasty Charlie, kisha akajulikana duniani kama Crazy Charlie. Jina la mwenyeji limebaki. Ni waongozaji wangapi wa mashua wa pwani yetu waliowaonyesha wageni chambo ya kufaa, na hakuna nzi hata mmoja anayeitwa kwa majina yao?

Tena tuna sheria ya kutusaidia. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kiutamaduni ya mwaka wa 2016 inazipa serikali za kaunti jukumu la kuandikisha na kuhifadhi maarifa ya namna hii. Chambo za kurambaza za wazee wetu ni maarifa ya jadi. Jamii inaweza kwenda kaunti na daftari mkononi. Bila daftari, inakwenda na hadithi.

Mzee akikuambia siri yake, muulize pia anataka nini kiandikwe na nini kisiandikwe. Mwamba wake wa kuvulia si wa kutangazwa. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inatutaka tusiweke namba ya simu wala habari za mtu bila ridhaa yake.

Kompyuta yenyewe

Msomaji atashangaa nimefika hapa bila kutaja programu. Ni kwa makusudi. Hifadhidata nyingi hufa kwa sababu mtu alianza na tovuti nzuri, akaishiwa nguvu kabla ya rekodi ya kumi.

Anza na jedwali la kawaida la kompyuta au la simu. Safu moja kwa nzi mmoja. Jedwali la pili liwe la malighafi, la tatu la watu, la nne la picha, na yaunganishwe kwa zile namba. Faida ya kuyatenganisha ni hii: ukigundua manyoya fulani yana masharti ya sheria, unasahihisha mahali pamoja, na nzi wote wanaoyatumia wanapata onyo.

Maneno yawe yamekubaliwa. Mmoja akiandika "manyoya ya jogoo", mwingine "nyoya la kuku dume", mwingine "unyoya wa jimbi", kompyuta itadhani ni vitu vitatu. Tengeneza orodha ya kuchagulia, na kando yake nafasi ya kuandika neno la mahali, maana Mbajuni, Mvita na Mvumba hawana neno moja kwa kila kitu, na tofauti hizo nazo ni mali.

Mtafutaji apewe njia za kutafuta zinazomfaa. Mvuvi haanzi na jina la nzi. Huanza na samaki, au maji ya siku hiyo, au alichonacho nyumbani: "nina manyoya meupe na uzi mwekundu, nifunge nini?"

Kila rekodi mpya ikaguliwe na mtu wa pili kabla ya kuonekana. Marekebisho yahifadhiwe, ijulikane nani alibadili nini. Nakala ziwekwe mahali patatu, moja iwe mbali na nyumbani. Na mara moja kwa mwaka ichapwe kwa karatasi. Risala ya 1496 tunaisoma leo kwa sababu ilikuwa karatasi, wala haikuhitaji mtu wa kulipia tovuti kila mwaka.

Ukurasa wetu wa Pwani

Hifadhidata za mito ya Ulaya na Marekani huuliza mwezi na wadudu wanaotoka mwezi huo. Kwetu maswali hayo hayatoshi. Rekodi ya Pwani iulize: kaskazi au kusi? Bamvua au maji mafu? Maji kujaa au kupwa? Ndani ya mwamba au nje? Chombo ni mtumbwi, ngalawa au mashua ya injini, na mwendo wake ulikuwaje? Mzee hawezi kueleza chambo yake bila mambo haya.

Majina ya samaki yaandikwe kwa Kiswahili cha mahali kwanza: nguru, kolekole, jodari, fulusi, songoro, mzia, sulisuli. Kisha jina la kisayansi litiwe na anayejua, kwa sababu jina moja Lamu huweza kuwa samaki mwingine Shimoni.

Watamu kuna shirika la African Billfish Foundation ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiandikisha samaki kama sulisuli waliotiwa alama na kurudishwa baharini. Aliyekamata akitoa taarifa, historia ya samaki yule inajulikana. Maana yake samaki wetu wana daftari. Chambo zilizowavua hazina.

Kazi ya kuanzia ni ndogo. Vijana wawili, simu moja, rula moja, karatasi nyeupe. Waende barazani baada ya Alasiri, wazee wakiwa wamepumzika, wakiwa na fomu yenye maswali yale yale kwa kila mzee. Wasiseme wamekuja kufanya utafiti. Waombe kuonyeshwa chambo moja tu, na waombe kufundishwa kuifunga. Mkono ukifanya kazi ulimi hufunguka. Siku hiyo hiyo waandike, na wiki inayofuata warudi kumsomea mzee walichoandika, asahihishe.

Mimi nimeanza na lile kopo. Nimepiga picha zote ishirini na tatu na kuzipa namba. Kwa kumi na nne nafasi ya "samaki anayekusudiwa" ni tupu. Tisa nimezijaza kwa msaada wa mzee mmoja aliyekuwa akivua na mjomba, ambaye sasa haoni vizuri. Alizishika moja moja, akazipitisha vidoleni, akasema hii ni ya fulusi, hii ya kolekole wa mwambani, hii aliifunga akiwa na hasira maana ile nzuri ilikatika. Hilo la hasira nimeliandika pia.

Alipofika kwenye yenye uzi wa kijani alinyamaza kidogo, akanirudishia. "Hii hakunionyesha," akasema. Basi rekodi namba 7 imebaki hivyo: ndoana ipo, picha ipo, jina la aliyefunga lipo. Kama yuko msomaji aliyevua na wazee wa Takaungu miaka ile na akaiona, nafasi yake ingali wazi.